Mgeni wa Uholanzi Kwenye Kiti cha Kuuzwa

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Kitengela, maana huko hadithi yangu imeshatiwa chumvi hadi wengine wanasema yule mzungu aliuzwa pamoja na kiti. Hakuuzwa. Kiti ndicho kiliuzwa, naye akiwa amekikalia, na mimi nikiwa nimesimama pembeni na tabasamu la kijinga nikimwambia kwa Kiingereza kwamba kila kitu kinaenda sawa kabisa.

Kazi yangu ni kuongoza vijana sita wanaotengeneza programu za kompyuta. Wateja wetu wako ng'ambo, wao wanaeleza wanachotaka, sisi tunakiandika huku na kuwatumia kwa intaneti. Mteja mkubwa (na kusema ukweli ndiye alikuwa anatulisha sote) ni kampuni moja ya Uholanzi inayohudumia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa huko akikamuliwa, maziwa yake yanaingia kwenye mfumo, akipunguza kidogo tu mfugaji anapata habari kwa simu, na mfumo huo wote uliandikwa Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi yetu ni ya chuma, inalia ukipanda, na harufu ya dawa ya kupe inapanda pamoja nawe mpaka mlangoni.

Vijana wenyewe nikianza kuwasifu tutalala hapa. Kelvin ni mdogo kuliko wote na anaandika programu haraka kuliko mimi ninavyoandika ujumbe wa simu. Mkuu wao ni Nashipae, binti wa Kajiado, ambaye siku nyingi anafanyia kazi kwa mama yake nje kidogo ya mji, ameketi karibu na tangi la maji kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika, mbuzi wanapita nyuma yake. Huyo akitafuta kosa kwenye programu ananyamaza tu, anavuta midomo, halafu anasema "nimeiona", na ukisikia hivyo nenda kachemshe chai, kazi imekwisha.

Sasa kosa langu lilianza dogo sana. Kabla ya mkutano wetu wa kwanza wa video na Waholanzi nilitazama ule ukuta wetu wenye alama za maji ya mvua nikaona aibu. Nilikuwa na picha niliyopiga Nairobi kwenye semina, ofisi ya vioo, ua kubwa kwenye chungu, saa ya ukutani, nikawaambia vijana wote waiweke nyuma yao kwenye skrini ili tuonekane tuko hapo. Kelvin akaniuliza, "Kwani hapa kuna shida gani, madam?" Nikamwambia ni mambo ya biashara, hawezi kuelewa. Tukakaa hivyo zaidi ya mwaka, watu saba mbele ya ua lile lile, na yule wa Kajiado pia.

Halafu Marijke akaandika. Marijke ndiye mkubwa wa upande wa Uholanzi, na alisema anakuja kutuona ana kwa ana kwa sababu kandarasi yetu inakaribia kuisha na wenzake wanataka kazi ihamishiwe nchi nyingine, lakini yeye hataki kuamua kabla hajatutembelea. Maana yake kazi za vijana sita zilikuwa juu ya safari hiyo moja (na yangu pia, nisijifanye malaika). Mtu mwenye akili timamu angesema ukweli siku hiyo hiyo. Mimi nikaenda kwa Mama Shiru.

Mama Shiru ni rafiki yangu wa chama cha akiba na wa kanisa, anauza fanicha kando ya barabara ya Namanga, na duka lake lina vioo kuanzia juu hadi chini na meza ndefu ya mbao iliyozungukwa na viti vya ofisi. Nilimwomba aniachie kona hiyo asubuhi moja tu. Akasema, "Chukua, lakini usinikwaruzie meza, na hizo nailoni za viti zisitolewe." Nikakubali. Nailoni zisitolewe, na nikakubali!

Siku yenyewe tulifika mapema, tukaficha bei chini ya viti, tukasukuma vitanda na makochi nyuma ya pazia. Nashipae alipofika kutoka Kajiado alisimama mlangoni akatazama huku na huku.

"Madam, hapa ni wapi?"

"Ofisi."

"Ya nani?"

Nikamwambia akae. Akakaa, na nailoni ikalia kwaru kwaru chini yake.

Marijke alikuwa mama mrefu, amevaa viatu vya kutembelea, na alisalimia kila kijana kwa jina huku akimwambia kazi gani aliyoifanya ilimfurahisha. Roho yangu ikatulia. Kisha tukaketi wote, na ikawa hakuna mtu anayeweza kujikuna bila mlango wa pili kusikia. Akauliza kama tumehamia hapo karibuni. Nikamwambia ndiyo, karibuni sana, na hilo angalau halikuwa uwongo.

Tulikuwa hatujafika mbali alipoingia mzee mmoja wa Kimaasai, shuka safi na rungu mkononi, na mkewe nyuma yake. Nilimfanyia Mama Shiru ishara amtoe. Akaja akaninong'oneza, "Huyu ni wa kufungua. Sijauza kitu leo, nikimrudisha siku yote imeharibika." Na mimi ningemjibu nini? Mama yangu aliuza viazi soko la Ngong miaka yote, na hakuna siku alimwacha mteja wa kufungua aondoke mikono mitupu, hata kama ni kwa hasara. Mfanyabiashara yeyote anajua hivyo.

Basi mzee akapita makochi yote, akapita meza za bei nafuu, akaja moja kwa moja kwenye yetu. Akaigonga kwa vidole karibu kabisa na laptopu ya Marijke, akasikiliza, akamwambia mkewe hii ni mti wa kweli. Watoto wao wakija nyumbani Krismasi wanakula kwa zamu, alisema, na yeye amechoka kula na nusu ya familia.

Marijke akaniuliza taratibu huyu ni nani.

"Ni wa idara ya ununuzi," nikasema. (Mungu anisamehe.)

Mzee naye akamwomba Marijke kwa heshima ainuke kidogo, akakipindua kile kiti chake kutazama magurudumu, na bei ikaning'inia hapo chini mbele ya macho yetu wote. Akakirudisha, Marijke akakaa tena, na mzee akaenda kubishana bei na Mama Shiru.

Kumbe hayo yalikuwa mwanzo. Simu ya Marijke ikalia, akasikiliza, akabadilika uso. Wafugaji Uholanzi walikuwa wanapiga simu kwa wasiwasi kwa sababu mfumo wetu ulikuwa unawaambia hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetoa maziwa asubuhi hiyo. Nchi nzima imekauka! Vijana wakafungua laptopu bila kuambiwa, na wakati huo huo Mama Shiru akashika mkono wa mzee wakakubaliana, na wabebaji wakaingia.

Wakaanza na viti. Kelvin alinyang'anywa chake akaendelea kuandika akiwa amesimama, kisha akapiga magoti na kuweka laptopu juu ya godoro. Cha Marijke kikachukuliwa alipoinuka kupokea simu nyingine. Walipoinua upande mmoja wa meza, laptopu zikaanza kuteleza, na mimi akili ikaniruka. Nikamkemea mzee wa watu mbele ya mkewe, nikamwambia aende arudi kesho.

Akanitazama. "Nimelipa. Ama pesa yangu iko na ugonjwa?"

Hapo Nashipae akaacha kazi, akaenda akasimama mbele ya mzee akainamisha kichwa. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamsalimia kwa lugha yao.

"Takwenya."

"Iko," akajibu, na kumweleza mambo yote kwa Kimaa, akionyesha laptopu, akimwonyesha Marijke. Mzee akageukia Kiswahili, nadhani ili sisi wote tusikie.

"Ng'ombe yote hakuna maziwa?"

"Maziwa iko, papa. Ni kompyuta inasema hakuna," Nashipae akamjibu, akimwita papa, yaani baba, kwa Kimaa.

"Hiyo ni uwongo mbaya sana." Akawaambia wabebaji waweke meza chini na warudishe viti. "Hii meza ni yangu sasa. Hawa wamekaa kwa meza yangu, ni wageni wangu. Hakuna mtu anaondoa wageni wangu mpaka wamalize." Kisha akamtuma mkewe hoteli ya jirani kuagiza chai na mandazi ya watu wote.

Marijke akauliza anasema nini. Nikafungua mdomo, lakini Nashipae alinitangulia, na kwa Kiingereza kizuri akamweleza kila kitu, kwamba hapa ni duka, meza ni ya huyu baba, ofisi yetu iko juu ya duka la dawa za mifugo, na yeye mwenyewe hafanyi kazi huko sana, yuko Kajiado na mbuzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Marijke akaniangalia mara moja tu, akarudi kuwatazama vijana.

Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya. Niliwatazama wakifanya kazi. Siku zote mfumo ukizima mimi huwa kwenye simu, naomba msamaha kwa wateja, sijui kinachoendelea nyuma yangu. Sasa niliona. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja anasoma, mwingine anajaribu, wa tatu anamwambia mwenzake "ngoja, nakushikia hapo", wanapeana kazi bila hata kuinua macho, na wabebaji wamesimama juu yao na vikombe vya chai. Nashipae akauliza kwa Kiingereza, ili mgeni naye afuate, nani alibadilisha sehemu ya tarehe.

"Ni mimi," Kelvin akasema. Vivyo hivyo. Hakutetemeka, na hakuna aliyemgeukia kwa jicho baya. Akasogea tu, Nashipae akainama kando yake, akanyamaza, akavuta midomo.

"Nimeiona."

Dakika chache baadaye maziwa yakarudi Uholanzi yote. Mzee alipiga makofi, mkewe akapiga kigelegele, na nawaambia nilijivunia wale watoto hadi nikasahau kwamba nimeaibika.

Marijke hakusahau. Alisubiri meza ipakiwe kwenye lori, akamshukuru mzee kwa mikono miwili, ndipo akanijia. Akasema ile saa ya ukutani katika ofisi yetu ya vioo inaonyesha saa nne ile ile tangu alipotujua. Alijua kuanzia mkutano wa pili kwamba ni picha.

"Nilikuja kujua unaficha nini kingine," akasema. "Mtu anayeficha ukuta anaweza kuficha programu iliyoharibika. Lakini yule kijana amesema ni yeye kabla hajaulizwa mara ya pili. Kwa hivyo shida haiko kwao."

Kisha akaenda kuwaaga vijana, mmoja mmoja.

Kazi ilibaki kwetu. Ila tangu siku hiyo mikutano na Waholanzi anaiongoza Nashipae, bila picha yoyote nyuma, na mimi nimebaki na kuajiri, kulipa mishahara na kuhakikisha stima haipotei. Iliniuma wiki kadhaa. Kisha nikaanza kuona mikutano inaisha mapema na wateja wanacheka, ikaacha kuniuma.

Lakini hilo silo lililonishika. Jioni ile, mgeni akiwa ameshaondoka, tulirudi kwetu tukapanda ngazi ile ya chuma tukakaa, na Nashipae akaniuliza polepole, "Madam, kwani ni nini ulikuwa unaonea haya?"

Nikawaambia ukweli. Hii nyumba. Hii ngazi, huu ukuta, hii harufu ya dawa.

Wakatazamana. Kelvin akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe ni nyumba," akasema. "Sisi wakati wote huo tulidhani ni sisi."

Niliwaomba msamaha mmoja mmoja kwa jina, na nikaapa mbele yao kwamba sitamweka tena mtu wangu nyuma ya picha. Mgeni akija siku hizi namwambia ashike chuma vizuri wakati anapanda, maana juu kuna watu nataka awaone.