Mlango wa Kutokea Migombani

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, mke wangu Yustina alinikuta kwenye ujenzi akiwa na mche wa mgomba mkononi na mtoto mgongoni. Kuta zilikuwa zimenifika kifuani. Nilikuwa najenga nyumba yangu ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, na maringo niliyokuwa nayo siku zile, we acha tu.

"Baba Enosi," akaniambia, "mbona nyuma hujaacha mlango? Nataka nikitoka jikoni nikute migomba. Nikae kivulini, nimenye mihogo huku namwona mtoto."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia migomba ni ya watu wenye kwao.

Usinishangae. Wazazi wetu walikimbia kutoka Burundi, wakapewa mashamba huku nje ya Mpanda, na baba yangu hakuwahi kupanda kitu cha kudumu. Alilima mahindi na maharage, ukivuna umemaliza. Nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja tu, unatazama barabarani, na nyuma ya mlango huo lilikaa sanduku la bati lililofungwa tayari kwa safari ya kurudi. Nimekua nikijigonga kwenye lile sanduku. Basi na mimi nikajenga vilevile, mlango mmoja mbele na ukuta mtupu nyuma, nikaona ndiyo heshima kwa mzazi.

Yustina hakupandisha sauti. "Mimi nimezaliwa hapahapa," akasema. "Huko kwetu mnakokusema sijawahi kukuona. Sasa nitakuwa mgeni mpaka lini?" Akaweka mche chini, akaenda zake kwa mama yake. Na mimi, mjinga, nikaendelea kupanga matofali.

Jioni baba akaja. Nilijua atanisifu. Alizunguka nyumba taratibu, akafika kwenye ukuta wa nyuma, akauona ule mche umelala pale, majani yameanza kulegea.

"Mkeo yuko wapi?"

Nikamweleza yote, nikamalizia kwamba nimejenga kama alivyojenga yeye. Mzee akakaa juu ya matofali. 

"Migomba yangu niliiacha kule," akasema. "Ilizunguka nyumba yote, ukiamka unasikia majani yake. Sikupanda mingine kwa kuogopa kuiacha tena. Hayo ni maumivu yangu, mwanangu. Wewe umeacha migomba gani?"

Akavua koti lake, akachukua nyundo yangu, akaanza kuubomoa ule ukuta. Nilimwonea huruma baba yangu kuliko siku yoyote, nikashika sururu nikamsaidia.

Kesho yake nilimfuata Yustina, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Tuliporudi tulimkuta mzee anachimba shimo la mgomba karibu na mlango mpya, pale yatakapofikia maji ya kuoshea vyombo. Baadaye tukaongeza baraza ya nyuma, na baba alipozeeka akahamia kwetu. Alikuja na sanduku lake. Nguo akazitoa zote, sanduku akaliweka barazani, likawa kiti chake cha kutazamia migomba.

Sasa umeninunulia soda ili nikusifie ramani ya nyumba yako ya Nsemulwa. Nimeiona. Umeanza na geti na ukuta mrefu. Subiri kwanza, mwanangu. Kabla fundi hajavuta kamba, kizunguke kiwanja chako, ujue jua la jioni linachoma upande gani na maji ya mvua yanapita wapi. Mti uliopo usiukate kwa haraka. Muulize mkeo akitoka jikoni anataka kuona nini, halafu umsikilize, usifanye kama mimi. Mlango wa bustanini uchore kabla ya geti.

Mungu akujalie nyumba yenye kivuli na watoto wa kukitumia. Uzeekee humo, na nyuma ya mlango wako pasikae sanduku lililofungwa.