Balbu ya Vifaranga

Nimesoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Naandika kwa sababu wajukuu zangu wamesimuliwa habari hii nusu, na hiyo nusu inanipendelea mimi.

Pikipiki ilinunuliwa na ukoo wetu, ukoo wa mama yangu, kwa mavuno ya karoti na njegere. Akapewa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, aiendeshe: ashushe mboga zetu sokoni Morogoro, apandishe abiria. Kwetu huku Uluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume anakuja kulima kwa mkewe, na akikosana na wakwe anaondoka na nguo zake tu. Mkwe wangu alilijua hilo. Mimi nililijua zaidi yake.

Kwa kuogopa wezi, pikipiki ililala chumbani kwangu. Jioni aliiacha mlangoni, akapiga hodi, akaondoka kabla sijatoka. Kwa malezi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na chumbani kwangu hakuwahi kukanyaga. Kuiingiza ndani ilikuwa kazi yangu.

Msimu huo wa baridi kuku wangu aliangua vifaranga kumi na mmoja, kisha kicheche akamla. Huku juu baridi ya mwezi wa saba haina huruma, na umeme haujafika kwetu. Marehemu mume wangu alikuwa akisikiliza redio kwa betri ya gari, kwa hiyo nilijua klipu nyekundu inabana wapi na nyeusi inabana wapi. Nikatafuta balbu ya indiketa, nikaiunga kwenye zile waya za redio ya marehemu, nikainua siti ya pikipiki, nikabana klipu kwenye betri yake. Ikawaka. Nikaiteremsha ndani ya boksi, vifaranga wakajikusanya chini yake wakanyamaza.

Kila jioni nikawa nafanya hivyo, na kila asubuhi nabandua waya naweka chini ya godoro. Nilijiambia pikipiki ikitembea inajijaza yenyewe. Sasa kama sikuona kosa, waya nilizifichia nini?

Kwamba betri inaisha haikujulikana upesi, kwa sababu ya mlima. Mlango wangu unatazama mteremko. Sisi wa huku hatubonyezi swichi asubuhi. Mtu anaikalia pikipiki, anaiachia iteremke, anaingiza gia, inawaka yenyewe. Hata betri ikiwa imekufa huwezi kujua. Ni mjini, kwenye tambarare, ndiko mkwe wangu alikoanza kuumbuka. Anabonyeza, haiwaki. Anapiga kiki mpaka jasho. Siku moja wanawake wawili waliokuwa wamepakiwa na matenga yao walishuka wakaisukuma sokoni, watu wanatazama.

Mmoja wao alirudi na maneno. "Mama, mkweo siku hizi hatupandishi, tunampandisha sisi!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishasikia kwamba waendesha pikipiki wengine wanauza betri nzima, wanaweka kimeo. Asubuhi iliyofuata, alipokuja kuchukua pikipiki, wanawake wale wale wamesimama na karoti zao, nilitoka nje nikamwambia:

"Betri ya ukoo umeiuza. Umetubandikia kimeo, halafu unakula ugali wetu."

Akatazama chini. "Mama, sijaiuza."

"Usiniite mama. Mimi sikuzaa mwizi."

Binti yangu alikuwa kwenye kona ya nyumba na ndoo ya maji kichwani. Alisikia yote. Hakuitua ile ndoo. Aligeuka akarudi nayo alikotoka.

Nikamwita kaka yangu, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba huyu mtu aondoke. Kaka yangu si mtu wa haraka. Akasema, "Kwanza fundi, ndipo mdomo."

Tukashuka watatu, mimi, kaka na mkwe wangu, mpaka Kihonda mjini, kwa fundi aliyeihudumia pikipiki ile tangu mpya. Mtu mzima, mikono imekolea oili mpaka kwenye viwiko. Akaniamkia, shikamoo bibi, akaniletea kibenchi, kisha akamwambia mkwe wangu, "Bonyeza."

Tk-tk-tk-tk.

"Mmesikia? Haina nguvu ya kuzungusha. Piga honi." Honi ikalia kama mbuzi mwenye mafua. "Washa taa, ubonyeze tena." Taa ikafifia ikawa nyekundu, ikazimika kabisa. Akapiga kiki mwenyewe, mara ya tatu injini ikaunguruma. Akaweka mita yake kwenye betri, akavuta mafuta kidogo, akaangalia. "Injini nzima. Na chaji inaingia vizuri. Mgonjwa hapa ni betri peke yake."

"Ni ya kwetu au imebadilishwa?" kaka yangu akauliza.

Fundi akazima, akaichomoa, akaipindua. Chini yake palikuwa na alama ya rangi ya kucha, nyekundu. "Hii rangi ya mke wangu. Kila betri ninayofunga naitia. Ni ile ile."

Kaka yangu alinitazama. Mimi nikawa natengeneza mtandio.

Fundi akaendelea kuigeuzageuza. "Lakini hii bado changa. Haijafa kifo chake. Imenyonywa mpaka chini, tena mara nyingi. Oneni hapa kwenye vichwa, haya ni meno ya klipu." Akakwangua kwa kucha. "Pikipiki hii inalala wapi?"

Mkwe wangu akawahi kusema:

"Ni mimi, fundi. Nilikuwa naunga simu kijiweni, nachaji."

Fundi akacheka. "Simu? Simu gani hiyo, ya kijiji kizima?"

"Ndiyo hiyo hiyo, fundi. Niacheni."

Palikuwa na kopo la oili chafu miguuni pangu, nikalitazama hilo kopo. Mimi ninayemkemea kila mtu kwa kusema uongo, niliketi kwenye benchi la watu nikaacha mtu abebe uongo kwa ajili yangu.

Kaka yangu akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Hukuiba, sawa, lakini mali ya watu umeiua, ukanyamaza. Kesho nenda kwenu ukapumzike. Tutakuita."

Kwetu watu wakipumzishwa kwa namna hiyo hawaitwi tena.

Asubuhi nilimwona akipita kwenye kijia, begi begani. Binti yangu alikuwa ameketi kizingitini kwake. Ndani kwangu vifaranga walikuwa wanapiga kelele, jana yake hawakuwashiwa taa.

Nikasimama nyuma ya mlango wangu nikaita, "Baba! Simama hapo."

Akasimama, amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Rudi kwako. Betri nimeiua mimi."

"Mama, yale yamekwisha. Nimeshakubali."

"Umekubali la kwangu. Nani alikutuma?"

"Nilikuwa najua. Taa inaonekana kwenye ufa wa mlango, nikiamka kwenda chooni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, mama? Kwamba mama mkwe wangu nimemchungulia chumbani, nikakuta amelala na waya?"

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Nikatoka nje, nikaenda kwa kaka yangu kwa miguu, nikayasema yote, waya nimezishika mkononi. Hakunikemea. Alisema tu, "Ulimwita mwizi mbele za watu. Utampelekea kuku wa kumtaka radhi, mbele ya watu wale wale."

Kuku sikuwa naye. Nilikuwa na vifaranga. Ikabidi tungoje wakue, na miezi yote hiyo mkwe wangu, aliyekwisha kurudishiwa ufunguo, alinipita akisema shikamoo mama, nami kumwitikia marahaba kulikuwa kuzito. Siku ilipofika nilimbeba tetea mmoja wa wale waliolelewa na ile balbu, nikampeleka, wanawake wamesimama na karoti zao. Nilisema, "Hakuiba. Mimi ndiye." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Pikipiki ina betri mpya, na siku hizi inalala kwao. Mkwe wangu haiachii tena mteremkoni. Kila asubuhi anasimama uani kwake, anabonyeza mara moja, inawaka. Hanisemi, najua. Lakini kila inapowaka namsikia, na uso unanishuka.