Makochi ya Mninga na Chai ya Mama Zuhura

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nilijifunga kibwebwe nikavuka uchochoro wetu pale Majengo kwenda kumkomesha Mama Zuhura, mjane aliyekuwa akipika vitumbua barazani kwake. Ndoa yangu ilikuwa bado changa, na mume wangu alishaacha kukaa nyumbani. Akitoka kwenye cherehani yake anakula haraka haraka, kisha huyoo, kwa yule mama kunywa chai mpaka giza linaingia. Wivu ulinikaba, mwanangu. Nikisikia amecheka kule, moyo unaniwaka kama nimemeza pilipili.

Nilifanya kila nililolijua. Nilijiremba, nikafukiza udi sebuleni, nikapaka vanishi mpya makochi ya mninga aliyonitengenezea baba. Wapi! Mvua zilipoanza ndiyo akawa haingii sebuleni kabisa. Nikasema basi, huyu ameshachukuliwa.

Jioni ile nilimkuta mume wangu barazani kwa yule mama, kashika kikombe. Nikaporomosha matusi ambayo hata leo siwezi kuyarudia mbele yako. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mama Zuhura akaepua chuma chake cha vitumbua taratibu.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi pumzika nikwambie. Mumeo nimfanyie nini mie? Nyumba yako inanuka mkojo wa paka, mdogo wangu. Anaona haya kukwambia, kwa sababu paka huyo uliachiwa na marehemu mama yako."

Yarabi! Kumbe mimi na lile paka dume tulishazoeana, pua yangu ilikuwa haisikii tena. Lilikuwa likikojolea miguu ya makochi, nami nikapaka vanishi juu yake, nikaufungia mkojo ndani ya mbao. Unyevu wa mvua ukija harufu inapanda, inakutana na udi. Hata mimi ningekimbia.

Mvua ilipokata, mama yule yule niliyemtukana akaja na ndoo yake. Tukatoa makochi uani. Tukaparuza vanishi kwa msasa, tukafuta mbao kwa siki na maji kidogo, tukaziacha zipigwe na upepo mpaka zikakauka kabisa. Palipobaki kunuka tukarudia. Vanishi ikaja mwisho. Paka nikamwekea beseni la mchanga nyuma ya nyumba.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaingia akaketi. "Nipe chai," akasema. Nikampa. Lakini sikudanganyi, wivu haukuisha siku ile. Nilimwambia vitumbua navyo atavilia hapa hapa, nitavifuata mwenyewe. Mama Zuhura alicheka kwake mpaka nikamsikia.

Sasa wewe, mwanangu, unayelala na paka kitandani na kupekua simu ya mumeo, nisikilize. Nyumba yako huwezi kuinusa mwenyewe, umeizoea. Mwite anayekupenda aingie, akwambie ukweli. Mbao zikishanyonya mkojo, usizifunike kwa manukato wala vanishi: safisha, kausha, rudia, ndipo upambe. Na kabla hujamvukia mtu uchochoro na kibwebwe, muulize mumeo kwa upole kinachomtoa ndani. Anaweza kuwa anakuonea huruma tu.

Mungu aijalie nyumba yako hewa njema, ampe mumeo hamu ya kurudi, na akupe jirani mwenye ulimi mkali kama niliyempata mimi.