Kiswahili Mlangoni

Ghislaine Mushagalusa hajawahi kumaliza chai ikiwa bado moto. Anaimimina, anainuka, anakwenda dirishani kuangalia ziwa kana kwamba kuna mtu alimwahidi kitu huko, anarudi, anaandika mistari miwili kwenye kompyuta, anainuka tena. Majirani zake wa Muhungu husema ana siafu kwenye kiti. Ana miaka thelathini na mitatu, hana bosi, na kazi yake wengi hawaielewi: anatengeneza programu ambayo haiuzwi. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuufungua, kuurekebisha na kuutumia bure. Vituo vitatu vya afya vya Bukavu vinaandikia wagonjwa wao humo, na aliyeviwekea ni yeye.

Wiki ile hata chai hakuimimina.

Sababu ilikuwa mama yake mdogo, Maman Francine, mkunga kwa miaka ishirini na miwili sasa katika kimojawapo cha vituo hivyo, kule juu upande wa Cimpunda. Ndiye aliyemlea Ghislaine tangu mama yake mzazi alipofariki. Nusu ya mtaa ule imepitia mikononi mwake. Wanaume wenye ndevu zao wakikutana naye njiani humwamkia kwa adabu ya ghafla, wakikumbuka kwamba aliwaona uchi kabla ya mama zao.

Basi ikaja amri: kila mkunga aandike mwenyewe, kwa jina lake na neno lake la siri, kila mtoto anayempokea. Kumwachia mwenzako akuandikie, basi tena. Bruno, mwuguzi mkuu wa kituo, alitangaza kwamba Ijumaa saa sita mchana ataandika orodha ya wakunga wa chumba cha uzazi. Ambaye mpaka saa hiyo hajaandika hata mtoto mmoja kwa mkono wake, atahamia kwenye kufua mashuka.

Na Francine hakuweza kupita mlangoni. Skrini ya kuingilia ilisema Kifaransa, tena kile kirefu cha barua za ofisini: neno lako la siri limekwisha muda wake, chagua jipya, lisifanane na la zamani, liwe na hili na lile. Ukikosea mara tatu inakufungia nusu saa. Kiswahili kilikuwemo ndani ya programu, Ghislaine alikitafsiri mwenyewe mwaka mzima. Lakini ili ukichague, ilibidi kwanza uingie. Yaani ufunguo wa nyumba ulikuwa umeachwa mezani, ndani ya nyumba.

"Biblia yote naisomaka mu Kiswahili," Francine alimwambia Jumapili baada ya misa. "Hata leo nilisoma somo ya kwanza mbele ya batu, uliniona. Lakini ile machine inanisemesha sawa avocat mbele ya hakimu. Mwana wangu, banipeleke kufula madra? Miye?"

"Mama mudogo, ngoja. Mbele ya Ijumaa utaingia."

Kuahidi ni rahisi, mdomo hauhitaji umeme.

Jumatatu akaanza. Aliweka orodha ndogo juu ya skrini ya kuingilia, kila lugha ikijiita kwa jina lake: Français, English, Kiswahili, Mashi. Bendera hakuweka, maana Mashi, lugha ya wenyeji, ina bendera gani? Ukigusa jina, maneno yote yanageuka papo hapo, hata yale makali ya kukataliwa. Jumanne umeme ukakatika asubuhi na haukurudi. Akazunguka mji na kompyuta mgongoni, kwa rafiki wa Nyawera, kisha ukumbi wa parokia, mwishowe kwa kinyozi mwenye betri ya jua aliyempa kona kati ya wateja. Aliandika huku nywele za watu zikimdondokea mabegani, mguu wake ukitikisa benchi mpaka mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa akamwomba atulie, asije yeye akakatwa sikio.

Kazi ikaenda kwa Nathanaël, Mbukavu aliyeko Ubelgiji, mkaguzi wa programu. Hakuna mstari unaoingia asipoukubali. Nathanaël akairudisha. Kompyuta moja inatumiwa na watu kumi, aliandika. Ukiacha skrini ikumbuke lugha ya aliyetoka, atakayefuata atakuta si yake. Afadhali irudi Kifaransa kila mtu anapotoka. Ghislaine akaona ni kweli, akarekebisha kwa dakika ishirini. Wote wawili walisoma shule za mji huu, na kwao Kifaransa kutangulia kulikuwa kitu cha kawaida tu, kama dari kuwa juu na sakafu kuwa chini. Jumatano ikakubaliwa. Alhamisi akaenda kituoni, akaiweka, akaijaribu, ikatii. Akampigia simu mama yake mdogo.

"Tafuta neno Kiswahili pale juu. Finya. Basi."

"Nimesikia," alisema Francine.

Ijumaa saa nne, kimya. Saa nne na nusu, kimya. Simu inaita, haipokewi. Ghislaine alizunguka meza yake mara sita, akakamata pikipiki ya kwanza iliyopita, na mlima mzima alikuwa akimhimiza dereva kana kwamba yeye ndiye mwenye uchungu wa kuzaa.

Kompyuta ya kituo iko kwenye meza ya mapokezi, katikati ya ukumbi, kwa kuwa hapo ndipo penye umeme wa jua. Alikuta wanafunzi watano wa uuguzi, makoti meupe, wakisubiri zamu ya kuingia. Mbele yao, Maman Francine. Alikuwa amempokea mtoto saa mbili asubuhi, na hakuwa amemwandika bado. Ghislaine akasimama mlangoni akitazama. Aliuona mkono wa mama yake mdogo ukisogeza kishale cha skrini mpaka karibu kabisa na neno Kiswahili, ukasimama, ukarudi. Francine akaandika kitu kwa kubahatisha. Nyekundu. Akaandika tena. Nyekundu. Akaandika mara ya tatu, skrini ikamfungia.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Ghislaine alimshika mkono, akamtoa nje hadi uani, kwenye kamba za mashuka.

"Mama mudogo, neno iko pale! Mbona haukufinya?"

"Nifinye Kiswahili mbele ya ba stagiaires? Bote baone Maman Francine hajue Kifaransa?"

"Lakini haujue!"

Alijutia neno kabla halijatua. Francine hakukasirika. Alikuwa akiyatazama mashuka.

"Najua kama sijue. Ni miye najua. Bale hawajue."

"Na kila siku unaambia bamama: mficha uchi hazai!"

"Hiyo ni ya bale banazala," alijibu Francine. "Miye niko muzalishaji."

Ghislaine akakumbuka mfupa. Katika shule yake ya msingi kulikuwa na mfupa wa ng'ombe wenye kamba, na mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili au Mashi alivishwa shingoni, akae nao hadi amkamate mwenzake akiteleza vilevile. Darasa la tatu yeye aliuvaa siku tatu. Jioni Francine alimwosha shingo kwa maji ya moto. Na sasa, kwa mikono yake mwenyewe na baraka za Nathanaël, alikuwa ameuning'iniza mfupa uleule kwenye skrini: anayetaka Kiswahili anyooshe mkono auchukue, watu wote wakimwona. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kumbe siku tano zile alikuwa akikimbia bila kuuliza anakimbilia wapi.

Akageuza beseni, akalikalia, akafungua kompyuta yake magotini. Akaangalia kumbukumbu za kituo: tangu jana, watu kumi na mmoja wameingia, aliyegusa orodha ya lugha, hakuna. Basi akaingia kwenye mipangilio ya kituo hicho, akabadilisha mstari mmoja tu. Kiswahili kitangulie. Anayetaka Kifaransa anyooshe mkono yeye. Nathanaël ataleta maswali, na ayalete.

Saa tano na dakika arobaini walirudi ukumbini. Bruno alikuwa ameshafika hapo na karatasi yake na kalamu. Skrini ilisema: Karibu. Andika jina lako. Mwanafunzi mmoja akasoma kwa sauti, akacheka, akatazama pale juu palipoandikwa Français, akawatazama wenzake. Kisha akaingia vivyo hivyo, na wa pili naye vivyo hivyo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujifanya Mzungu mbele ya Bruno.

Zamu ikamfikia Francine. Alisoma polepole, midomo ikicheza kama kanisani. Neno lako la siri limekwisha muda wake. Chagua jipya. Akafikiri, akaandika kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka.

Akaandika saa ya kuzaliwa. Akaandika uzito, kilo tatu na gramu mia mbili. Jina la mama, Mélanie. Halafu programu ikauliza: lugha ya mama? Hapo sharti ni kumwuliza mwenyewe, si kukisia. Mzazi alikuwa kitandani, chumba cha karibu, mlango wazi.

"Maman Mélanie! Lugha yako ni gani?"

Msichana akainua kichwa. Akayaona makoti meupe yakimtazama.

"Français," alisema, sauti ndogo.

Kidole cha Francine kikabaki hewani.

"Tangu saa kumi ya asubuhi ulikuwa unalia Mashi," alisema. "Hata mutoto alisikia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Francine hakucheka. Aliinuka, akaenda hadi kitandani, akainama, akamwambia msichana kitu kwa Mashi ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Mélanie akajifunika uso kwa kitenge, kisha kitenge kikaitikia. Francine akarudi, akaandika Mashi, akahifadhi. Saa sita kasoro dakika tano, Bruno akaandika jina lake kwenye orodha.

Ghislaine alikuwa amecheka pamoja na wote, kisha kicheko kikamkauka. Alijua wazi kwamba angekuwa yeye kitandani pale, akaulizwa mbele ya makoti yale, angejibu vilevile. Akatazama kompyuta aliyoikumbatia. Ilikuwa imejifunga yenyewe, nayo ilimwomba neno lake la siri kwa Kifaransa, kama ilivyomwomba kila siku tangu alipoinunua.