Fundi Aliyechagua Tanzania

Wiki hii, kwenye duka moja la kuchapa na kutoa fotokopi Bunda mjini, nilimkuta mama mmoja wa Kibara akisubiri laptop yake. Ilikuwa ya mtumba, herufi za kibodi zimepangwa Kifaransa. Windows ilikuwa imekufa, na fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwekea Linux badala yake.

Mama alitaka kuandika wasifu wa marehemu baba yake, usomwe makaburini mchana huo. Fundi akajitolea kumwandikia.

“Hapana, mwanangu. Huyu namwandika mwenyewe.”

Akabonyeza kwa kidole kimoja, macho kwenye herufi. Alipoyainua, kioo kilisema: bqbq. Akafuta, akarudia. Bqbq. Machozi yakamlenga.

“Hata baba anakataa kuandikika?”

Fundi akainama. “Nisamehe, mama. Wakati wa kuweka Linux iliniuliza kibodi ya wapi. Nikachagua Tanzania, kumbe kwenye kibodi hii A imekaa mahali pa Q.”

“Kwani uliangalia bendera, au uliangalia herufi?”

Fundi akaingia kwenye mipangilio, akachagua Kifaransa. Mama akaandika tena: baba. Akaligusa lile neno kwenye kioo, kisha akaendelea taratibu mpaka ukurasa ukajaa.

Sisi tunaijibu mashine kwa uzalendo, kumbe yenyewe inauliza tu vidole vimewekwa juu ya kibodi gani.

Akikunja karatasi yake iliyochapwa, mama akauliza sasa kibodi imewekwa nchi gani.

“Ufaransa, mama.”

Akacheka kwa mara ya kwanza. “Na mzee mwenyewe hakufikaga hata Mwanza.”