Sahani Tupu ya Hilkka

Ukiwa na haraka, usimwulize Hilkka Ruonala habari za kuvu. Mwanamke huyu, jirani yangu wa meza katika maabara yetu ya mjini Oulu, ana kuvu nyeusi inayokula sukari ya mbao, na kwa miaka kadhaa ameshikilia kwamba anaijua jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo. Ubishi wake unachosha, nami naupenda.

Ili kuthibitisha, ilibidi aikate hiyo jeni. Kama ni yenyewe, kuvu ingekufa njaa juu ya sukari ya mbao. Akaikata. Kuvu ikaota, tena ikanawiri.

Bosi wetu Veikko akafunga mjadala. "Hilkka, mama, jeni yako imekuangusha. Mwisho wa mwezi tunafunga kazi hii, na sampuli zako zilizomo kwenye friza tunazimwaga." Akaagiza keki ya kuagana, maana huku kwetu hata utafiti hauzikwi bila kahawa na keki.

Hilkka alinuna asubuhi nzima. Kwenye kahawa akaniinamia ghafla.

"Uzi mmoja wa kuvu una viini vingi. Nimeikata jeni kwenye baadhi tu. Vyenye jeni vinavilisha visivyo nayo."

"Kama wewe unavyomlisha yule shemeji yako."

"Hasa. Sasa kila mtu atajipikia."

Akatenganisha vijimbegu vya kuvu, kila kimoja kina kiini kimoja tu. Akatafuta kilichokosa jeni kabisa, akakikuza, kisha akaipanda kuvu yake kwenye sahani mbili: moja ya sukari ya kawaida, nyingine ya sukari ya mbao.

Siku ya kufunga, keki ilikuwa mezani, imeandikwa KWAHERI KUVU. Hilkka akaingia na sahani zake. Ya sukari ya kawaida ilikuwa nyeusi tii. Ya pili Veikko akaiinua dirishani.

"Mbona hamna kitu humu?"

"Hamna kitu, bosi," Hilkka akasema, mashavu yamemwiva. "Hamna hata chembe."

Veikko akaigeuza sahani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Itabidi uirudishe jeni, tuone kama kuvu itakula tena."

"Basi friza yangu isiguswe."

Veikko akachukua kijiko, akalikwangua lile neno la kwanza kwenye keki, akalila.