Ngoma na Mlango wa Kulia

Bado nina hasira. Bendi yetu ya kanisa, hapa Shauri Moyo, ilikuwa inapigia muziki filamu ya zamani isiyo na sauti. Mwalimu wa bendi aliniagiza, "Baba Mercy, kwenye picha, mlango wa kulia ukifunguka tu, gonga ngoma. Ni mwizi huyo."

Mazoezini sikukosea. Siku yenyewe ukumbi ulijaa, tukahamia nyuma ya shuka la kuonyeshea filamu, picha tukiiona kwa upande ule.

Mlango wa kulia ukafunguka. Nikagonga mpaka mabati yakatetemeka. Akatoka mama ananyata na mtoto aliyelala! Watu wakavunjika mbavu.

Nikafoka, "Mwalimu, si ulisema kulia?"

Akanivuta mbele ya shuka. Huku mbele, yule mama alikuwa kwenye mlango wa kushoto; kumbe kwa nyuma picha inageuka.

"Na nani alisema tukae nyuma?" akauliza, ukumbi mzima ukisikia.

Mimi.